Stendi Inayouma

Béatha alipiga yowe fupi, akaachia utepe aliokuwa akiufunga, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta wa baraza.

"Papa Christella! Hii kitu imeniuma!"

Kitu chenyewe kilikuwa stendi ya maiki, chuma kirefu chenye miguu mitatu, kimesimama katikati ya baraza ya nyumba yao ya kupanga pale Kabeza, Kigali. Nusu kilikuwa kimevishwa utepe mweupe wa harusi, nusu bado. Ndege ilikuwa inapita juu ikienda kutua, na Libère, aliyekuwa amechuchumaa mbele ya amplifaya, alijifanya kelele za ndege zimemziba masikio. Uongo mtupu. Alisikia vizuri sana.

"Unasema?"

"Nasema imeniuma! Umeme! Umepita kwenye vidole mpaka huku begani. Tazama mkono unavyotetemeka."

"Aa, Mama Christella. Ni baridi tu. Tangu asubuhi uko unapiga deki, mikono imeganda."

"Baridi inauma hivyo? Mimi baridi siijui?"

Libère alinyanyuka. Alikuwa mtu mrefu mwembamba mwenye sauti ya chini, Mrundi wa Bujumbura aliyeijua kazi ya sauti kuliko alivyojua kuitafutia wateja. Alikodisha spika, maiki na stendi kwa harusi, kwa vikao, kwa parokia. Béatha alizipamba stendi kwa tepe na vitenge, na hilo ndilo lililowafanya watu wawapende: chuma cha Libère kilikuwa kizee, lakini kikivishwa na mkewe kilipendeza kwenye picha.

Akaisogelea stendi, akaigusa kwa mgongo wa mkono.

Hivyo ndivyo wanavyogusa mafundi wa sauti. Chuma usichokiamini hukishiki kwa kiganja, maana umeme hukunja vidole. Ukishika kwa kiganja, mkono unafunga ngumi na chuma kiko ndani, na huachii tena mpaka mtu akuchomolee plagi. Ukigusa kwa mgongo wa mkono, umeme huohuo unakutupa nje.

"Unaona?" akasema. "Hakuna kitu."

Naam, hakuna kitu, kwa sababu yeye alikuwa amevaa sandali nene za mpira na mkewe alikuwa miguu mitupu juu ya saruji iliyolowa. Libère alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alijua pia kwamba amplifaya ile ilikuja na plagi ya miguu mitatu, na kwamba ule mguu wa tatu, unaopeleka umeme mbaya ardhini usimfuate mtu, aliukata yeye mwenyewe kwa msumeno wa chuma siku alipoinunua. Ekstensheni zake zote zilikuwa za matundu mawili. Wenzake wengi walikata, na yeye akakata. Na baadaye klipu za plastiki za kushikia maiki zilipovunjika, alikwenda kwa fundi wa kuchomelea akatengenezewa za chuma. Alijivunia klipu zile! Hazivunjiki, hazilegei. Hakutaka kukumbuka kwamba plastiki ilikuwa ndiyo kinga iliyobaki kati ya maiki na stendi.

Jirani yao Théoneste, naye wa kazi hiyohiyo, alikuwa amepita asubuhi ileile kuchukua klipu moja ya chuma aliyoahidiwa. Leo alikuwa na kazi kwa watu wa maombi waliosali bondeni, chini ya mtaa wao.

"Na plagi yako je, bado inakusumbua?" Libère alikuwa amemuuliza.

"Nilikata kama ulivyonifundisha, mwalimu. Sasa inaingia popote."

Wakacheka, Théoneste akaenda zake.

Sasa Libère hakucheka. Alikuwa anazima amplifaya taratibu, akiyakwepa macho ya mkewe, binti yao alipotoka ndani akiwa amejifunga mushanana, lile vazi la sherehe, la njano, begani, shingo juu, akiimba kwa sauti ya chini. Christella alikuwa amemaliza shule mwaka uliopita na hakuna mlango uliofunguka tangu hapo, isipokuwa huu. Madamu Jolly wa Kicukiro alikuwa amemsikia kanisani, akasema, wewe ndiye utakayemwimbia binti ya kaka yangu akitoka kwenye gusaba yake. Gusaba ni siku ya kuposa, na hapa Kigali watu huiheshimu kuliko harusi yenyewe. Ukiimba vizuri kwenye gusaba moja ya watu wale, unaitwa kwenye nyingine zote.

"Papa, nikiingia nishike stendi kwa mikono yote miwili au mmoja?"

Béatha akamtazama mumewe.

"Usiishike," Libère akasema. "Simama mbali kidogo. Maiki itakusikia."

"Lakini nikishika ndiyo sitetemeki."

"Nimesema usiishike!"

Christella akashtuka. Baba yake hakuwa mtu wa kupaza sauti. Béatha aliokota utepe, akaendelea kufunga huku akigusa chuma kwa kitambaa tu.

*

Nyumba ya Kicukiro ilikuwa na bustani ya majani mabichi yaliyokatwa vizuri, na mahema mawili yametazamana, la upande wa bibi harusi na la upande wa bwana harusi. Ndani ya mahema waliweka mbao na mazulia. Wasemaji wa familia wangesimama humo wakitupiana maneno, huku wakijidai hawajui wageni wamefuata nini. Katikati, kati ya hema na hema, palikuwa majani matupu. Hapo ndipo Madamu Jolly alipotaka stendi ya pili, ya mwimbaji.

Libère alikuwa amejiandaa. Alileta kipande cha mpira mzito, mkeka wa lori ulioisha, akautandika kwenye majani na kuiweka stendi juu yake. Mwimbaji angesimama palepale juu ya mpira, na mambo yangekwisha salama. Moyo ulianza kutulia.

"Fundi! Hii nini?"

Madamu Jolly alikuwa mwanamke wa makamo aliyelelewa Kampala, mwenye mwendo wa haraka na simu mbili. Alikuwa anauonyesha mpira kwa ncha ya kiatu.

"Ni ya kuzuia stendi isiteleze, Madamu."

"Unaniletea takataka ya gari mbele ya wageni? Kila picha ya bibi harusi itatoka na hii kitu chini! Toa."

"Madamu, majani yakilowa..."

"Majani yakilowa nini?"

Hapa ndipo mtu angesema. Neno moja tu, umeme. Lakini Libère aliona sentensi nzima ilivyojipanga nyuma ya neno hilo: vyombo vyangu vinauma watu. Aliiona ikienda kwenye zile simu mbili, ikatoka Kicukiro ikafika Remera, ikarudi Kabeza. Nani angekodisha chuma kinachouma?

"Stendi inaweza kuteleza," akasema.

"Basi itateleza na utaishika. Toa, sha."

Akaukunja mpira, akaupeleka nyuma ya jenereta. Mutsinzi, mshereheshaji wa siku hiyo, kijana wa suti ya bluu na mdomo usiochoka, alikuwa anapita. "Eh, fundi! Umekuja na godoro lako kabisa? Sherehe haijaanza unataka kulala?" Wapambaji wakacheka. Libère naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayelipwa na wengine.

Ilikuwa Novemba. Kabla ya wageni kukaa vizuri mvua ikashuka, ile ya Kigali isiyopiga hodi, ikapiga mahema mpaka hakuna aliyemsikia mwenzake, kisha ikakatika ghafla na jua likatoka. Wageni wakapiga makofi. "Baraka!" walisema. "Mvua ni baraka kwa maharusi!" Libère aliyatazama majani katikati ya uwanja. Maji yalikuwa yamesimama, yanameremeta.

*

Sherehe ikaanza, na mwanzoni hakuna kilichoharibika. Mzee Kagabo, msemaji wa upande wa bibi harusi, alishika maiki ya hema lake akasema na kusema; akawauliza wageni kama wamepotea njia, akawachekesha mpaka wakafuta machozi. Viatu vyake vilikuwa vya ngozi na chini palikuwa na mbao. Mwenzake wa upande wa pili akajibu, naye hakuumwa. Libère alikaa nyuma ya amplifaya, mkono juu ya swichi, anahesabu pumzi zake badala ya kusikiliza.

Labda asubuhi ilikuwa saruji tu, alijiambia. Labda kweli ilikuwa baridi. Mtu akiogopa sana huanza kuamini uongo wake mwenyewe, na Libère alikuwa amefika hapo.

Kisha akawaona wasichana wakijipanga nyuma ya nyumba, wamebeba vikapu vya agaseke, njuga zimefungwa miguuni. Walikuwa wanavua viatu. Bila shaka walikuwa wanavua! Tangu lini msichana akacheza kwenye gusaba na viatu? Alikuwa ameona ngoma hizi maisha yake yote, na katika hofu yake yote ya asubuhi, jambo hili moja halikumpitia kichwani. Alifikiria majani, alifikiria mvua, alifikiria mpira. Miguu ya mwanawe hakuifikiria.

Akaiacha amplifaya, akaenda kule karibu anakimbia.

"Christella. Vaa viatu."

Christella alikuwa amesimama mbele ya wote, uso umepakwa mafuta, macho makubwa. "Papa?"

"Chukua hizi zangu. Vaa."

Alikuwa anazivua sandali zake. Wasichana wengine walitazama yale mapande ya mpira yenye matope, mmoja akafunika mdomo.

"Papa, tafadhali," Christella alinong'ona, na machozi ya aibu yalikuwa karibu. "Sote tuko miguu mitupu. Mimi ndiyo naingia wa kwanza. Nitaingiaje na hizo?"

"Basi usiimbe."

"Nini?"

"Sema unaumwa. Nitasema mimi. Waambie kooni..."

"Papa, nimekukosea nini?"

Béatha alikuwa amefika. Alimshika mumewe mkono, akamvuta pembeni ya ukuta. Alikuwa anaongea polepole sana.

"Asubuhi iliniuma, au haikuniuma?"

Libère akatazama kule kwenye stendi.

"Libère." Hakuwahi kumwita hivyo mbele za watu. "Mtoto ataigusa ile kitu juu ya maji. Iliniuma, au haikuniuma?"

"Iliuma," akasema.

Lakini ngoma zilikuwa zimeshaanza, na Christella, ambaye sasa alikuwa na hasira pamoja na woga, alikuwa ameshainua mikono na kutoka.

*

Libère alikimbia kuelekea jenereta. Alikanyaga kamba ya hema, akaanguka kwa magoti, akanyanyuka, akaichomoa plagi ya amplifaya kwa nguvu zote. Spika zikakohoa zikafa. Christella alikuwa amebakiza hatua chache afike kwenye stendi. Alisimama, mikono bado hewani. Njuga zikanyamaza moja moja.

"Fundi!" Madamu Jolly alikuwa tayari anakuja, viatu virefu vinazama majanini. "Rudisha umeme!"

"Madamu, hapana. Stendi inauma."

"Inafanya nini?"

"Inauma. Ina umeme."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini Mutsinzi alikuwa karibu, na Mutsinzi hakuwahi kupitwa na kitu cha kuchekesha. Bila maiki, akapaza sauti kwa kiganja kando ya mdomo: "Mabibi na mabwana, tuvumiliane! Fundi wetu anasema stendi ina meno! Kuna daktari wa meno hapa?"

Mahema yote mawili yakaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kizuri cha watu walioshiba na wanaotaka sherehe iendelee. Mzee Kagabo, aliyependa kushangiliwa, alishuka kwenye mbao zake akatembea mpaka kwenye ile stendi ya katikati, akaishika kwa mikono yote miwili, akaitikisa.

"Mbona hainiumi? Au inawaogopa wazee?"

Kicheko tena. Umeme ulikuwa umezimwa na viatu vya mzee vilikuwa vya ngozi, lakini nani angesikiliza hayo? Bibi harusi Kamikazi alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, kikapu mkononi, hajui arudi ndani au atoke, na Madamu Jolly, shangazi yake, alikuwa amefika mbele ya Libère.

"Umelewa, wewe," Madamu Jolly alisema. "Nilikuamini nikakuleta hapa, mbele ya wakwe, na umekuja umelewa." Akageuka. "Rwema! Choma hiyo plagi!"

Rwema, mdogo wa bibi harusi, alimsukuma Libère kwa bega kwa upole, jinsi vijana waliolelewa vizuri wanavyosukuma, akaichoma plagi. Spika zikavuma. Katikati ya uwanja Christella aliufuta uso kwa kiwiko. Alikuwa anamtazama baba yake, na Libère hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu aliyempenda. Kisha binti akaipa stendi uso, akapiga hatua, akanyoosha mikono yote miwili.

Nini kingine angesema? Alikuwa amesema inauma, wakacheka. Lile jambo lingine, la msumeno na mguu wa tatu, lilikuwa kooni mwake hata sasa na halikutoka. Miguu yake ndiyo iliyoamua. Sandali zilikuwa zimeshamtoka pale alipoanguka, na alijikuta yuko kwenye maji ya baridi, miguu mitupu, anakimbia. Akamsukuma Christella kwa bega mpaka msichana akaketi chini. Akanyoosha mkono, akaigusa stendi kwa mgongo wa mkono, wote waone.

Watu waliokuwa karibu walisikia mlio mdogo. Walimwona fundi akirushwa nyuma, akaanguka chali kwenye majani, macho wazi, mdomo wazi, haingizi pumzi wala haitoi. Stendi ikayumba na tepe zake, ikasimama.

"Papa!"

"Msimguse!" Béatha alipiga kelele, na sauti yake ilikwenda mbali kuliko ya spika. "Mtu asiguse chuma!" Alikuwa ameshakimbilia jenereta, na yeye ndiye aliyechomoa plagi, akaitupa mbali.

Hakuna aliyecheka. Christella alikuwa amepiga magoti kwenye matope, anampigapiga baba yake mashavuni, anaita jina la Bikira Maria kwa Kirundi, na njuga za miguuni mwake zilikuwa zinalia kila akijitikisa. Kisha Libère akakohoa. Akavuta pumzi ndefu mbaya, akakohoa tena.

"Iko hai," mtu akasema. "Imana ishimwe, Mungu ashukuriwe, fundi iko hai."

Walimkalisha kwenye kiti. Mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia, hauna habari naye. Mzee Kagabo alikuwa anavitazama viganja vyake mwenyewe, vile alivyoshikia stendi, amekuwa mzee kweli sasa. Madamu Jolly aliinama.

"Ni nini hii, fundi? Ni nini imetokea?"

Libère alimtazama, akamtazama na mwanawe. Alikuwa ametoka kufa, lakini hofu ile ya zamani ilikuwa bado imekaa mahali pake.

"Ni mvua, Madamu," akasema. "Ni mvua tu."

*

Walirudishwa Kabeza kwa pikapu ya mtu wa mahema. Hela zao walipewa nusu, na Madamu Jolly aliwaambia wasimpigie simu tena, na yeye hatawapigia. Gusaba ilimalizika bila maiki, kwa sauti za watu tu. Christella hakuimba. Alijaribu, bibi harusi mwenyewe alimshika mkono, lakini sauti haikutoka.

Jua lilikuwa linashuka. Béatha aliweka chai mezani barazani, hakuna aliyeinywa. Stendi zilikuwa zimelazwa kando ya ukuta na tepe zake za matope. Christella, bado katika mushanana wake mchafu, alikuwa anazikunja nyaya kwa kuwa mkono wa baba haukuweza. Alikunja mpaka akafika kwenye plagi. Akaigeuza. Akapitisha kidole pale ambapo chuma kilikuwa kimekatwa, pakakwaruza.

"Papa. Hapa palikuwa na mguu wa tatu?"

Libère alikuwa amefumba macho. Aliyafumbua.

"Palikuwa."

"Ukaenda wapi?"

"Niliukata. Soketi zilikuwa za matundu mawili, na kila mtu alikuwa anakata." Akasikia jinsi yalivyokuwa maneno ya mtoto. "Ule ndio unaozuia umeme usimpige mtu."

Béatha akaweka kikombe chini.

"Na asubuhi ulijua?" Christella akauliza.

"Nilijua."

"Nilipovua viatu ulijua?"

"Ndiyo maana nilikwambia..."

"Uliniambia nivae sandali! Uliniambia niseme koo linauma! Hukuniambia nitakufa!" Alikuwa amesimama. "Papa, uliogopa nini? Nieleze. Uliogopa nini kuliko mimi kufa?"

Libère alitafuta. Alitaka kusema njaa, kodi, ugenini, mambo ambayo yangeeleweka. Lakini alikuwa amechoka kudanganya, na jibu lilikuwa dogo kuliko hayo yote.

"Niliogopa kuonekana siyo fundi," akasema, na akalia mbele yao, kwa mkono mmoja wa kufutia machozi.

Mama alikuwa upande wa binti, na hakuficha. Ndege ikapita, ikaenda. Na ndege ilipokwisha, sauti ilipanda kutoka bondeni, ya spika, nzito, iliyokwaruza.

"Alo, alo. Moja, mbili. Moja, mbili."

Ilikuwa sauti ya Théoneste.

Libère aliinua kichwa. Aliona jinsi rangi inavyomtoka mkewe, naye alihisi ya kwake ikimtoka. Wale watu wa maombi walisali kwenye ua, chini ya turubai, na viatu walivua mlangoni, wote, wake kwa waume, kwa heshima ya mahali. Kila aliyetaka kushuhudia alikwenda mbele akashika stendi. Mvua iliyonyesha Kicukiro ilinyesha na hapa.

"Klipu," alisema. "Nimempa klipu ya chuma. Na plagi nilimfundisha mimi."

"Mpigie!" Béatha akampa simu. Iliita, ikaita, ikakata. Ikaita tena. Fundi akiwa kazini simu huizima sauti, na hilo pia alimfundisha yeye.

Christella alikuwa ameshashuka barazani. Alichukua sandali za mpira mlangoni, akaziweka mbele ya miguu ya baba yake, akapiga goti akamvalisha, maana mkono wake haukuweza. Alikuwa bado na hasira. Alizikaza kwa nguvu mpaka zikamuumiza.

"Twende," akasema.

Waliteremka ile barabara ya udongo, msichana mbele, ameinua mushanana kwa mikono miwili, njuga zinalia, baba nyuma na mkono uliokufa unapigapiga ubavuni. Watu wa madukani walisimama kuwatazama. Getini pa watu wa maombi palikuwa na safu za viatu, na mzee mmoja wa zamu aliyeshika Biblia.

"Taratibu, ndugu yangu, ibada imeanza. Kuna shida gani?"

Kwa juu ya bega lake Libère aliwaona wote. Théoneste nyuma ya amplifaya, anageuza kitufe. Turubai linadondosha maji. Na mama mmoja mnene, miguu mitupu, uso umejaa furaha, ametoka kwenye safu yake, anakwenda kushuhudia.

"Zima!" Libère alipiga kelele, na sauti aliyoitunza chini maisha yake yote ilitoka nzima. "Théoneste, zima! Mama, usiguse hiyo chuma, itakuua!"

Mama akasimama. Ua mzima ukageuka. Théoneste alikodoa macho, hajui kama acheke.

"Wewe ni nani?" yule mzee wa zamu akauliza. "Umeingiliwa na nini?"

"Mimi ni Libère, wa hapo juu. Mimi ndiye niliyekata mguu wa plagi, na huyu nimemfundisha mimi kukata. Leo almanusura nimuue mtoto wangu, na nikasema ni mvua. Siyo mvua. Ni mimi. Zimeni kwanza, halafu mnitukane."

Théoneste aliitazama plagi yake. Akaitazama miguu ya yule mama kwenye matope. Akainama haraka, akachomoa, na spika zikanyamaza.

Kisha wakaanza, yule mama kwanza, halafu wengine, halafu Théoneste mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu aibu ilikuwa imemfikia na yeye. Walimwita muuaji, wakamwita fundi wa uongo, wakauliza ni nyumba ngapi ameingiza chuma chake. Christella alikuja akasimama kando ya baba yake, akaushika ule mkono wake uliokufa, na wakayapokea matusi yote palepale getini mpaka yakaisha.